Baba, Mwambie Mama Hilo Si Jasho

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipoketi kando ya injini saa tano asubuhi, kitambaa cha grisi mkononi, usiinuke tena. Mama alikuwa juu ya sitaha anaanika mashuka. Alidhani umenyamaza kwa sababu injini imekubali.

Watu walikucheka ulipostaafu kufundisha hesabu, ukauza nyumba na kununua boti kuukuu ya uvuvi, ya mbao, umri wake sawa na wako. Mama ndiye aliyeibandika jina la Bi Mdogo. Alisema ujanani hakuletewa mke mwenza, kaletewa uzeeni, tena anayekunywa dizeli. Lakini alihamia humo pamoja nawe. Miaka tisa mlipika, mkalala na mkagombana ndani ya vyumba viwili ambavyo kuta zake zote uliweza kuzigusa kwa kunyoosha mikono.

Mlikwenda polepole mno. Tukikupigia simu kuuliza mko wapi, ulijibu, "Palepale pa jana, ila upande wa pili." Ukatuambia haraka haraka haina baraka, nasi tukakujibu chelewa chelewa utakuta mwana si wako, ukacheka mpaka simu ikakatika. Popote mlipofunga kamba ulimtafuta mwenye kitu kibovu ukamtengenezea: feni, cherehani, redio, hata kiti cha muuza maua ambaye hakukuomba.

Hayo yote tunayakumbuka kwa upendo. Ila kuna neno lako moja hatujalisamehe. Maji yalipoanza kupenya ngamani, kule chini kabisa ya boti, ulichovya kidole ukaonja. "Yana chumvi," ukasema. "Si nimewaambia? Jasho tu hilo. Chombo cha mbao lazima kitoke jasho." Tulicheka sote. Kisha kifua kikakubana wewe, shati likalowa, nawe ukamwambia Mama vilevile: "Jasho tu, mke wangu. Nipe maji ya kunywa." Zilikuwa zimebaki siku tatu.

Sasa neno hilo amelirithi Mama. Bado yumo botini, peke yake. Ile taa ya kijani uliyoifunga jikoni, inayowaka kila pampu inapoanza kutoa maji, enzi zako iliwaka mara mbili kwa siku. Mwezi uliopita niliihesabu mara kumi na moja kabla ya chakula cha mchana. Nilipokwenda tena juzi, nilikuta ameiziba kwa plasta.

"Inaniumiza macho," alisema.

Kaka alimleta fundi wa boti. Fundi alisukuma bisibisi kwenye ubao, ikazama mpaka mpini. Akaichomoa taratibu, akaifuta kwa suruali yake.

"Mama, shuka leo."

Mama alimmiminia chai. "Baba yao aliijua boti hii kuliko wewe, mwanangu. Ni jasho."

Jumamosi hii anafungua kamba aondoke. Anasema mlibakiza ghuba moja tu, mwendo wa siku nzima kwa kasi yenu, na hawezi kuishi na safari isiyokwisha. Ameshajaza matangi. Amepiga pasi shati lako akalitundika kwenye chumba cha usukani. Tumemsihi, tumemlilia. Kaka alimficha ufunguo wa injini, kumbe ana mwingine. Wanasema sikio la kufa halisikii dawa; nimelifuta hilo mara mbili, nikaliandika tena.

Baba, wewe ulikuwa mkaidi, sisi tumetoka huko huko, lakini Mama alikuwa akikusikiliza wewe tu. Hatuna mwingine wa kumtuma. Yeye husoma gazeti kuanzia ukurasa huu wa waliotangulia, na ndiyo maana tumekuandikia hapa badala ya kuja kaburini.

Unakumbukwa na binti yako, aliyeandika haya. Mwanao wa kiume. Wakwe zako wawili. Wajukuu wanne wanaouliza babu alikuwa akienda wapi polepole hivyo. Shemeji yako mshona viatu. Na mkeo, ambaye hajui kwamba tumemtaja.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba. Tunachoomba ni kwamba mwaka ujao, kwenye ukurasa huu, tuje kumlilia mtu mmoja tu.