Barua Sita za Kuhamia Wodini

4 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia. Mimi mzima, ila roho haijatulia.

Unajua sisi weusi wa hospitali hii wote tuko chini, kwenye chumba cha kufulia mashuka. Wodini ni weupe watupu. Sasa mkubwa wa wafanyakazi kaniita: "Tunaunda kamati ya kupinga ubaguzi. Tunakuhitaji." Wamenipiga picha na kuibandika mlangoni. Miaka sita hajui hata jina langu! Na katibu wake, mama mmoja mweupe, ghafla ananisalimia. Simwamini hata chembe.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu, marahaba. Mgongo haujambo, ulimi ndio mzima zaidi. Hata mimi nimenusa kitu. Picha haimpandishi mtu wodini. Si mliomba kuhamishwa, wewe na wenzako watano, mkaambiwa nafasi zimejaa? Uliza barua zenu ziko wapi. Uliza mbele ya watu, faraghani watakulainisha.

Mama yako

22 Aprili

Shikamoo Mama. Nisamehe kwa kimya. Niliuliza kikaoni, mbele ya kamati. Mkubwa akajibu, "Hatujapokea barua yoyote." Ndipo katibu akasimama, uso umemwiva: "Ziko kwenye droo yangu. Uliniambia nisizifungue." Akazileta zote sita, gundi haijabanduliwa. Na mimi nilimdhania kibaraka!

Kesho yake nikaitwa peke yangu: kuna nafasi moja wodini, ni yangu, nianze Jumatatu. Nifanyeje?

Binti yako

2 Mei

Marahaba mwanangu. Anayemfungulia mmoja haraka hivyo, anataka kuwafungia watano. Lakini miguu inayosimama humo chini ni yako, si yangu. Ukienda sitakulaumu.

Mama yako

11 Juni

Shikamoo Mama. Nilikataa. Nikataka barua zote zisomwe na kamati nzima. Wiki tatu, watu wa huko juu wodini hawakunisemesha. Mwishowe zikasomwa, na sasa wenzangu wawili wako wodini. Mimi bado nafua. Mkubwa ananichekea mno, nami nazidi kumchunga.

Nilimwomba katibu radhi. Akasema, "Usiniombe. Nilizikalia miaka minne." Hatujawa marafiki. Ila muhtasari wa kila kikao sasa naandika mimi, na yeye anausoma neno kwa neno kabla mkubwa hajatia sahihi.

Binti yako, bado wa chini