Bi Nassra, Ukuta Wako Tumeupaka Chokaa

Mwalimu wangu, Bi Nassra,

Ukuta wako wa Vitongoji tumeupaka chokaa. Nimeona nianze na hilo, maana ulikuwa hupendi mtu akuzungushe, na najua ungelisikia kwa mwengine ungeninunia wiki nzima. Niliyeamua ni mimi. Hamad na vijana wenzake wachora kuta walikataa mwanzo, kisha Hamad huyo huyo ndiye aliyekoroga chokaa.

Nakuandikia kwa sababu ya sheria yako. Ulisema mtu ukishamuandika, rudi kwake umsomee, naye akate anachotaka kikatwe. Basi mimi nimekuandika wewe. Nimekuandika ndani ya ripoti yako mwenyewe ya kuta na watoto wenye ulemavu, katika sura ile ya skuli, na nilichoandika si sifa tupu. Kaburi lako nalipita nikienda kazini kutoka Wawi, nakutolea salamu, lakini maneno marefu kama haya hayasemwi na mtu aliyesimama na mkoba begani. Nayaweka hapa.

Mengine kwanza, madogo madogo. Chumba chako chuoni amepewa kijana kutoka Unguja, mtu mwema, ila tukisema Kipemba chetu yeye hucheka. Ile ndoo tupu ya rangi uliyokuwa ukiifudikiza na kuikalia mbele ya kuta za Chake Chake nimeichukua mimi, na mlinzi alidhani nakwenda kuitupa. Nimejaribu kuikalia kama wewe, asubuhi nzima, buibui nimelikunja magotini, nisikilize wapita njia wanasema nini juu ya picha. Mgongo uliniuma vibaya. Sijui wewe uliwezaje miaka yote ile, na ule mguu wako mbovu. Nilimsikia mama mmoja mbele ya ukuta wa herufi za mikono, zile za watoto viziwi, akimfundisha mwanawe kuandika jina lake kwa vidole. Nikageuka nikwambie. Hukuwepo, nikalia pale pale sokoni, na muuza ndimu akanipa ndimu mbili bila ya kuniuliza kitu.

Na bado tunakucheka, usidhani umepona. Hamad husimulia kila pahala siku ile alipokupa brashi uchore jani la mkarafuu, nawe ukachora kitu ambacho ilibidi akitie mapezi kiwe samaki. Mwanamke aliyeandika juu ya kuta za vijana miaka kumi na mbili, hawezi kuchora jani.

Sasa nije kwenye lenyewe. Yule mtoto wa Vitongoji, mwenye kiti cha magurudumu. Hapa nitamwita Riziki, na safari hii jina hilo kalichagua mwenyewe.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipomuona. Skuli ile imejengwa juu ya msingi mrefu, ngazi tano hadi barazani, na sisi tumefika kabla ya kengele. Wakaja wavulana wanne, wakakikamata kiti, mmoja kila pembe, wakakinyanyua na mtoto juu yake, wakampandisha. Ulilia. Ulitoa miwani ukaifuta kwa ushungi, ukanambia, "Zuwena, andika, andika usiache kitu." Usiku ule ule ukaandika mwenyewe kwamba katika skuli hii mlango umefunguliwa kwa mikono ya watoto, na kwamba wakubwa wangesubiri ngazi zivunjwe lakini wavulana hawa hawakusubiri. Nilikichapa kifungu kile kwa furaha. Mpaka leo, kwa maandishi, ni kizuri.

Tukaenda kumsomea. Bibi yake, Bi Time, alitutandikia mkeka upenuni akatuletea muhogo kwa papa. Ulisoma polepole, na kila ukifika mwisho wa kifungu Bi Time akasema, "Hewala." Ulipomuuliza kama vijana wanaweza kuichora ukutani, akasema hewala. Wazee wa mtaa walikuwa hawapendi nyuso za watu zichorwe, ukasema hapana neno, Hamad atawachora bila ya nyuso, na hivyo mtoto hatojulikana. Riziki alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Niliona gurudumu moja la kiti chake. Hatukumwita. Mimi nikaandika kwenye daftari kuwa familia imeridhia.

Hatojulikana! Vitongoji nzima ina kiti kimoja cha magurudumu, Bi Nassra. Wewe na shahada zako na mimi na kimbelembele changu, hata mmoja wetu hakuliwaza hilo.

Picha ilipendeza mno, kila mtu alisema. Wavulana wanne, kiti hewani, mtoto wa kike juu, rangi ya buluu ile ghali, kwenye ukuta wa skuli, upande wa barabarani ambapo watu huanika karafuu. Wiki mbili baadaye Riziki akaacha kwenda skuli. Wewe ulikuwa umeshalazwa. Nilipouliza nikaambiwa ana homa, nikakuletea habari hiyo, ukanituma nimpelekee machungwa. Nikayapeleka. Ulipozidiwa ukaniuliza, karudi? Nikasema karudi.

Nilikudanganya. Hakurudi. Ulikuwa umenishika mkono na nilitaka ufurahi, na sikujuta siku ile. Najuta sasa, kwa sababu ningelikwambia kweli labda ungeniuliza swali moja lililo sahihi, kama kawaida yako, na mtoto asingekaa nyumbani miezi yote ile.

Baada ya hitima ya arubaini yako wenzako wa chuo waliamua ripoti ichapishwe, na kwenye jalada iwekwe picha ya ukuta ule. Vijana nao wakataka kuitia rangi upya, chini waandike jina lako. Mimi nikapewa kazi ya kumleta Riziki akae mbele ya ukuta apigwe picha. Nilikwenda kwa Bi Time nimevaa vizuri kabisa, nimebeba barua. Nikaeleza. Bi Time akasema, "Hewala, mwanangu." Nikaanza kushukuru.

Pazia likasogea. Riziki akatoka, kajisukuma mwenyewe mpaka kizingitini, kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi.

"Miye sendi," akasema. "Wale wavulana, na miye nshakuwa mkubwa. Wanibeba mbele za watu, nguo yapanda, miye sina mkono wa kuishika maana nakamata kiti nisianguke. Kisha mwanitia ukutani nikibebwa, n'onekane na kila apitae."

Nikasema, kwa ujinga, kwamba siku ile tulimuona katulia.

"Nlikuwa nkifumba macho. Andika hivyo."

Mimi ni mwanamke, Bi Nassra. Nimekuwa msichana wa miaka kumi na tatu hapa hapa kisiwani, nikishikilia kanga upepo usinivue, nikizunguka njia ndefu kuwakwepa wavulana wa kisimani. Na bado nilisimama na kalamu nikaona upendo tu. Upendo ulikuwepo, wale watoto wana moyo safi, na yeye mwenyewe hana kinyongo nao. Ila sisi tuliangalia wanaobeba. Anayebebwa hatukumuangalia.

Nilimgeukia Bi Time, nikamuuliza mbona siku ile hakusema. Aliona haya, akawa anachezea ukindu wa mkeka. Akasema, "Mgeni kaja nyumbani kwako, ntamwambiaje hapana? Na yule Bi, siye kwa babake twalichuma karafuu. Kisha nyiye hamkuuliza, mwanangu. Mlisoma tu."

Hili sikutegemea, na nadhani nawe hukulitegemea. Ulikuwa na fahari na sheria yako ya kusomea watu, na mimi niliirithi kama mtu arithivyo shamba. Lakini jina la baba yako lilikuwa limekaa nawe pale mkekani, na Bi Time alikuwa akimjibu yeye. Ulizoea kusema mashamba yaliondoka kabla hujazaliwa na wewe huna hata mti. Kweli. Ila watu hawakusahau nani alikuwa akisimama chini na nani alikuwa akipanda juu ya mkarafuu, na adabu ile ya zamani bado inasema hewala.

Nilirudi Chake nikawaambia wenzako wa chuo. Mmoja alitaka tukikate kifungu kimya kimya, jalada libadilishwe, basi. Alisema marehemu hasemwi, atajwe kwa mema yake. Ananipenda na anakupenda, sikumvunjia heshima, lakini nilimwambia hapana. Wewe ulimkosoa hadharani mkuu wako wa zamani kwa sababu ya sentensi moja ya uongo katika kitabu chake. Mema yako ninayoyajua mimi ni hayo. Nikikuficha nitakuwa nimekutia ushungi usioutaka.

Hamad alikuwa mgumu zaidi. Alipigwa na habari ile kama ninavyokumbuka alivyopigwa na kifo chako, akakaa chini pale penye makopo yake. Kisha akaja juu. Akasema picha ile ndiyo kazi yake bora, na ndiyo uliyoipenda, na nikiifuta ni kama namzika Bi Nassra mara ya pili. Nikamwambia maneno ya Riziki kama yalivyo, nguo, mkono, macho. Hamad ana dada watatu. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwamba chokaa ninayo au akatafute. Tulipaka siku mbili, mikono mitatu ya chokaa, mmoja juu ya mwengine, kwa sababu ile buluu ghali ilikuwa haitaki kuondoka.

Wapita njia walisema mengi. Nilitia ndoo yako pale nikayaandika yote, hata matusi.

Nikadhani tumemaliza. Riziki akaniletea salamu kwa bibi yake kwamba ukuta mweupe haumpandishi mtu ngazi tano. Kasema kweli. Basi wazazi wakatoa saruji na mchanga, vijana wakagonga mawe, wakajenga mteremko kwa ubavuni. Ijumaa jioni, skuli tupu, Riziki akaja na Bi Time kuujaribu. Alifika nusu, magurudumu yakaanza kurudi nyuma, Bi Time akaegemeza kiti kwa tumbo lake. Riziki akasema, "N'mkali huu. Vunjeni." Vijana walikuwa wamechoka, mmoja akanitazama mimi, kana kwamba nitasema inatosha. Zamani ningesema. Wakauvunja. Wa pili wameurefusha mpaka kwenye mkungumanga wa mwalimu mkuu, umekaa ovyo, hauna sura, na una chuma cha kushikia urefu wa mkono wake. Alipima mwenyewe.

Jumatatu akarudi skuli. Mwalimu mkuu alikuwa amepanga wanafunzi wajipange wamuimbie na kupiga makofi. Nilimwendea nikamsihi awaache waende madarasani. Alishangaa, akasema hii ni siku kubwa. Nikamwambia muulize mtoto. Akaenda kumuuliza, Bi Nassra, kwa miguu yake, mpaka getini. Akarudi akapiga kengele kama siku zote.

Riziki akapanda. Wasichana wawili walikuwa ubavuni kwake wakigombania kalamu, na yeye kaingia kati ya ugomvi, anawaambia kalamu ni ya nani. Hakuna aliyemtazama. Nilisimama nyuma ya ukuta mweupe nikalia kama punguani, na safari hii sikuandika kitu.

Sura ile nimeiandika hivi. Kifungu chako nimekiacha, neno kwa neno, na jina lako juu yake. Chini yake nimeweka maneno ya Riziki, naye nimemsomea mara tatu, peke yake, bibi yake akiwa jikoni, na mara zote tatu nimemuuliza nikate nini. Alikata sentensi yangu moja, niliyosema yeye ni shujaa. Kisha nimeeleza tulivyokosea, wewe na mimi, na lile la hewala, na lile la karafuu. Wewe ungetaka nikate nini? Nimekaa na swali hilo siku nyingi. Huwezi kunijibu, na inaniuma, lakini sitokata.

Nakuahidi itachapishwa hivyo au haitachapishwa kabisa. Nakuahidi pia kila mtoto tuliyemuandika katika sura nyengine, Wete mpaka Mkoani, nitamrudia na kumuuliza yeye, si mlezi wake, na nikiambiwa hewala nitakaa kitako nisubiri la pili. Itachukua muda. Mimi ni mbishi, ulikuwa ukilalamika sana juu ya hilo, sasa litatufaa.

Nenda salama, mwalimu wangu. Mola akupanulie huko uliko na akusamehe hili pamoja na mengine, nami anisamehe uongo wa kitandani kwako. Sasa ndiyo karudi, Bi Nassra. Safari hii ni kweli.

Jana nilimwambia Riziki kuwa nakuandikia. Alifikiri, akasema, "Msalimie. Mwambie miye yeye sikumkasirikia. Na mwambie ningemwambia, lau angeniita."

Mwanafunzi wako,
Zuwena