Shikamoo Iliyoota Ukungu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Naiandika tu, maana huku Bujumbura kuitamka kumeniponza.

Lile chipukizi la mgomba wako wa mwisho nililikata vipande vitano, kila kimoja katika chupa yake, juu ya jeli yenye sukari na dawa ya kuchipuza. Kazi hiyo hata pumzi ya mtu ni uchafu. Lakini wewe ulinilea vipi? Kila mtu mzima alipoingia maabara, niligeuka na chupa wazi mkononi: "Shikamoo!"

Baada ya wiki, chupa nne zilikuwa zimeota ukungu mweupe kama pamba. Mama Zuhura, fundi wetu wa maabara kutoka mtaa wa Buyenzi, akazipanga mezani.

"Angalia, mwanangu. Hii ni shikamoo ya mukubwa wa kazi. Hii ni yangu. Hizi mbili ni za wale wazee wa kutengeneza frigo. Mu hii chumba apana kusalimia mutu!"

Nilitaka kulia, Mama. Ungeniuliza mgomba wako, ningekujibu nini? Kumbe chupa ya tano niliifungua saa ya chakula, wote wakiwa nje wanakula mukeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma. Imetoa machipukizi saba! Leo nimeyahamishia kwenye dawa ya kuvuta mizizi, mdomo nimeufunga kwa kitambaa.

Nimekukumbuka mno. Nisalimie wote hapo mtaani, mmoja mmoja, tena kwa sauti. Mimi nimekatazwa.

Mwanao,
Rehema