Kengele Tusiyoifikia

Deo,

Sijui nikusalimie vipi. Ninyi mna "Tumsifu Yesu Kristo." Sisi tuna salamu ya kuwasalimia watu wa makaburini, lakini ile inasemwa kwa wengi, na mimi nina shida na mmoja. Kwa hiyo nakuita jina tu. Deo. Ni mimi, Zuhura wa dukani, na nina hasira.

Nimekukasirikia wewe kwanza, wengine watafuata. Kila mwaka baridi ya Mbinga ikianza nilikwambia: shuka Mbamba Bay kwa bibi yangu, kule ziwani kuna joto, mifupa yako itapumua. Bibi alishakutengea chumba na chandarua. Ukasema, "Nikienda kukaa kwenu watasema nimeoa." Waseme! Wangesema, wangechoka, na wewe ungekuwa hai unakula dagaa. Badala yake ukaenda hospitali na maumivu yaleyale ya kila baridi, ukaniagiza, "Mwambie mwalimu aje kesho kuchukua flashi yake." Mwalimu alikuja kesho yake. Mimi nilikuwa nimekuja hospitali na chupa ya uji, nikamkuta mama yako kwenye benchi la nje ameshika viatu vyako. Sikuuliza. Nilikaa, nikamimina uji, akaunywa yeye. Sidhani kama alijua anakunywa nini.

Tulikuzika kijijini kwenu Ukata, kwenye shamba la babu yako, ukungu umetanda hata kaburi la jirani halionekani. Wanawake waliokuwa wakipika waliulizana nami nasikia: "Yule binti wa Kiislamu anahusikaje hapa?" Hakuna aliyejibu. Wewe ungejibu, ungesema ule upuuzi wako wa kila siku, "Huyo ni mkono wangu wa kulia," halafu ucheke peke yako.

Wateja walidhani unanisifia. Hawakujua ni ukweli mtupu. Selimundu ilikuletea kiharusi ukiwa darasa la nne, mkono wako wa kulia ukabaki wa kuvalia shati tu. Ulikuja kwenye kona ya duka letu na kompyuta yako, ukawa unawaingizia watu nyimbo na muvi kwenye memori kadi kwa mkono mmoja, na mchana wateja wakipungua unanipigia mluzi. Hapo ndipo tulipokuwa tunafungua lile gemu.

Mwanzoni niliogopa. Kanisa limemezwa na ardhi, na mtoto mpiga kengele anashuka ghorofa baada ya ghorofa kuitafuta kengele yake, akiwarushia cheche za mshumaa mashetani na sanamu za watakatifu zilizoharibika zikaota meno. Mama yangu alipita siku moja akaona, akasema, "Astaghfirullah." Ukamwambia, "Shikamoo mama, hapa tunawapiga mashetani tu." Akasema, "Marahaba, wapigeni," akaenda kupanga sabuni. Jina la Kizungu la gemu hatukulitumia kamwe. Wewe uliliita Toharani. Nilipokuuliza ndiyo nini, ukanieleza ni mahali roho zinaposafishwa kabla ya mbinguni, na kwamba walio hai wanaweza kuzisukuma kwa sala. Nikakwambia sisi hatuna kituo hicho. Ukasema, "Basi ninyi mnapanda gari la moja kwa moja, mna bahati."

Gemu lile lilitengenezwa kwa mtu wa mikono miwili. Wa kushoto unamtembeza mtoto kwa vitufe vinne, wa kulia unapiga kwa mishale. Wewe ulikuwa na wa kushoto. Nikavuta ndoo nikakaa kuliani kwako, nikachukua mishale. Wewe miguu, mimi mikono. Mkono wangu wa kushoto haukuwa na kazi, ukashika bakuli la karanga. Ile ramani ya vyumba, visanduku vimepangana mpaka chini, ulisema ni ngoro za babu yako, yale mashimo ya kulimia yaliyochimbwa mteremkoni, na aliyetengeneza gemu lazima alipita Umatengo akaiba. Na kila ghorofa kulikuwa na yule mchuuzi mwenye pembe anayekuuzia nguvu kwa kipande cha moyo wako. Mimi mtoto wa duka, nilitaka tununue. "Hatuuzi moyo, Zu." Kipande tu, Deo! "Ndivyo wanavyoanza." Basi tukafa na moyo wetu safi kila siku, maana gemu lile halina huruma. Ukifa, umekufa. Unarudishwa juu mlangoni mikono mitupu, na vyumba vyote vimebadilishwa.

Ghorofa ya saba ndiyo mwisho wetu. Ulikuwa umesikia tu kwamba kengele iko chini kabisa, na kwamba ukiifikia unaipiga. Inaliaje, hukujua. Kila mtu angeweza kutazama mtandaoni, wewe ukakataa. "Kuchungulia mwisho ni kama wewe kufuturu saa sita mchana," ndivyo ulivyoniambia. "Tutaisikia tukiifikia."

Sasa sikiliza. Siku ya mazishi baba yako mdogo, ambaye tangu baba yako afariki ndiye msemaji wa familia, alisimama akatangaza kwamba kompyuta ataichukua kijana wake Fidelis anayesoma chuo Songea. Siku ya kumaliza matanga atakabidhiwa, na fundi ataipiga window upya, afute vyote vilivyomo, maana ina mambo mengi.

Mambo mengi! Hayo mambo mengi ni wewe.

Si mtu mbaya, simsemi. Mashine ya marehemu haiwezi kukaa inajaa vumbi wakati mtoto wa ukoo anaandika kazi zake kwenye simu. Na mimi ni nani wa kusema? Si mke, si dada, si mchumba. Ni binti wa dukani ambako kompyuta ilikuwa imeachwa, na mama yako akasema ikae hapohapo mpaka siku yenyewe.

Najua ungesema, Zuhura, si unakili? Nimenakili. Flashi ninayo kwenye mkoba. Niichomeke wapi, kwenye mzani wa sukari? Na hata nikipata kompyuta nyingine, vitufe vyake vinne vitakuwa na herufi. Vya kwako herufi zilifutika, umevisugua mpaka vinang'aa. Nilitaka kufika chini kwa vilevile. Niisikie hiyo kengele kabla hawajaja, nije nikwambie inaliaje. Basi. Mama yako anakutolea nia za misa. Mimi sina misa, sina kingine cha kukufanyia.

Nikakaa kwenye kiti chako. Mkono wangu wa kushoto ni mjinga, Deo, hujawahi kuona. Mtoto alikuwa anajigonga ukutani kama kuku aliyefungwa mguu. Nikipiga sitembei, nikitembea sipigi. Mambo tuliyoyapita tukiwa tunatafuna karanga yaliniua palepale mlangoni. Nililia, nikamtukana mtoto wa watu ambaye ni picha tu.

Halafu mama yako akaja kuchukua vitu vyako vilivyobaki kwenye droo, akanikuta. Akasimama nyuma yangu. "Ndicho mlichokuwa mnachekea hiki?" Nikamwambia ndiyo, mama. Nikamwonesha vitufe vyako. Akavuta kiti, akaweka mkono wake wa kushoto palepale, vidole vimekomaa kwa kuchuma kahawa, na mimi nikarudi kwenye ndoo yangu kuliani. Nikafikiri, Mungu ameniletea miguu.

Ungekuwepo! Chumba cha pili kulikuwa na ile altare ndogo. Mama yako akaiona, akaachia vitufe, akafanya ishara ya msalaba taratibu, kwa jina la Baba mpaka amina, na sanamu yenye meno ikaja ikatula tumesimama. Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke, nikaona aibu, lakini naye akacheka, tukashikana mabega pale dukani kama wendawazimu.

Kisha akauliza, "Amekufa?"

Nikamwambia ndiyo, mama.

"Na sasa?"

Sasa anarudi juu, anaanza upya.

Kwenye kioo mtoto alikuwa amesimama tena mlangoni mwa kanisa na mshumaa wake, mzima, anasubiri. Mama yako akasogeza uso karibu. Akasema kitu kwa Kimatengo ambacho sikukielewa. Halafu akasema, "Mwanzishe."

Akaja siku iliyofuata, na iliyofuata. Akitoka kwenye kahawa anapitia dukani, ananawa mikono, anakaa. Nilidhani anajifunza. Kumbe hakutaka kushuka hata kidogo. Alikuwa anamtembeza mpaka chumba cha kwanza, anatoa mkono kwenye vitufe, anamwacha auawe, ili amwone anasimama tena. "Mwanzishe tena, mwanangu." Namwanzisha. "Tena." Namwanzisha.

Deo, siku zilikuwa zinakwisha. Nilitaka kushuka. Nilikuwa na hasira naye, nisikufiche, nilitamani nimwambie mama, mwanao hainuki, hiyo ni mashine tu. Unanijua, mdomo wangu hauna breki. Lakini nilimtazama usoni kila mtoto anaposimama, nikashindwa. Nikaitoa mikono yangu kwenye mishale. Nikawa nambonyezea tu cha kuanzia. Mchana wote niliokuwa nimekuwekea wewe, nikampa yeye.

Ijumaa ya mwisho hakuja, alikuwa amekwenda Ukata kuandaa vyakula. Nikafunga duka baada ya adhuhuri, nikacheza peke yangu. Nilifika ghorofa ya nne. Mchuuzi alikuwepo na pembe zake, nikamuuzia kipande cha moyo. Nikamuuzia na kingine. Nikafika ya tano nikiwa na nguvu nyingi na uhai kiduchu, kitu kidogo kama nzi kikanigusa, nikafa. Nikakaa naangalia mtoto amesimama juu. Sikumwanzisha tena.

Jumamosi tukamaliza matanga. Waligawa mashati yako, redio, jembe ambalo hujawahi kulishika. Mama yako alikuwa ameipakata kompyuta imefungwa kwenye kitenge, haiachii. Baba mdogo akamwambia kwa upole, "Shemeji, tulishakubaliana." Akafungua kitenge, akaifuta kwa kiganja, akampa.

Fidelis ana adabu. Aliiwasha kuona kama inafanya kazi, akaliona gemu, akaniita pembeni. "Dada Zuhura, hili nalijua. Mwisho wake uko mtandaoni, ni mfupi tu. Nikuoneshe?" Akatoa simu, na bahati mbaya siku hiyo Ukata nzima ilikuwa na mtandao. Kabla sijajibu mama yako akasema nyuma yetu, "Nioneshe mimi."

Nilitoka mbio. Nilikwenda mpaka kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, nikaziba masikio kwa mikono miwili, nikafumba na macho. Sikusikia kitu, moyo wangu tu unavyogonga. Nilipofumbua, mama yako alikuwa amesimama upande wa pili wa kichanja, anatoa buni mbovu moja moja anazitupa chini. Hakuwa analia. Hakuwa na uso wa mtu aliyesikia kitu kizuri. Akaniuliza, "Nikwambie?"

Nikamwambia hapana, mama.

Akasema, "Afadhali."

Neno hilo moja limekaa kooni mwangu tangu Jumamosi. Afadhali kwa nini? Imepasuka? Haipo? Au mtoto anaifikia akiwa hana tena mikono ya kuipiga? Sijalala vizuri. Simu iko hapa mezani, bando lipo, naweza kujua sasa hivi kabla chai haijapoa. Fidelis amenitumia ujumbe kwamba fundi ameshaipiga window, sasa inakwenda kasi sana, anashukuru.

Mama yako anajua. Siku yake ikifika, dini yenu inasema atakukuta, atakusimulia yeye, na kama ni habari mbaya ataisema vizuri kuliko mimi. Mimi sijui kama nitafika ulipo. Nilitaka kumwuliza sheikh, nikafika mpaka mlangoni kwake nikarudi, maana niliogopa atanijibu. Nilikupenda, Deo. Haya, nimeandika. Walichokuwa wanakisema watu kilikuwa kweli kwa upande wangu, na kwa upande wako sitajua.

Siahidi kukuombea utoke huko, sijui njia zake. Siahidi kwamba nitapoa, sioni dalili. Naahidi hili moja: sitaangalia. Wakinionesha nitafumba macho, wakinisimulia nitaziba masikio, na mama yako hatanilazimisha. Ulikwenda hujui inaliaje, na mimi nitakwenda hivyohivyo. Ni kitu pekee ambacho bado tunakifanya wawili.

Kwaheri, Deo.

Zuhura