Kanga Iliyobanwa kwa Kijiti

Mayfair, Johannesburg
14 Aprili 2025

Mama shikamoo,

Sisi wazima, sijui wewe na hilo goti. Sumaiya ametoa jino la pili, ananing'ata nikimnyonyesha kisha ananitazama kama mimi ndiye mwenye kosa.

Mama, nina jambo na sina wa kumwambia. Hii Jumapili ya nne mkweo Mwadini anatoka asubuhi, anapanda teksi hadi nje ya mji, kwenye mashamba. Nikamwuliza, "Umefuata nini huko?"

"Natembea."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Nashika kinjia cha kando ya uzio, nashuka mtoni, napita kwenye miti iliyogeuka manjano, nazunguka mpaka nilipoanzia."

Huku ni wakati wa majani kupukutika, anasema ni pazuri. Anarudi suruali imejaa mbegu za kishona nguo mpaka magotini, nami ndiye ninayezichomoa, moja moja. Labda anapunga hewa tu, wiki nzima analinda lango la watu. Lakini mbona hataki twende naye?

Mwanao, Chiku


Tanga, 17 Aprili 2025

Marahaba mwanangu,

Goti linatabiri mvua, na mvua ipo. Nibusie Sumaiya.

Mtu mzima hazunguki bure. Hata mbuzi akizunguka, tafuta kamba. Baba yako, Mungu amrehemu, naye aliondoka hapa kwenda kutembea huko huko kwenu, wewe unatambaa. Nami nilikuwa nasema labda, labda.

Usimwulize tena. Mwanamume akiulizwa sana hujifunza kujibu. Mfungie maandazi ndani ya kanga yako, piga fundo unalolijua wewe, uone kitakachorudi.

Mama yako


Mayfair, 28 Aprili 2025

Mama shikamoo,

Mtoto hajambo, mimi ndiye nina jambo.

Nilipiga mafundo mawili. Kanga imerudi inanuka moshi wa kuni, imekunjwa ndogo, pembe zimeingizwa ndani na kubanwa kwa kijiti. Vile vile unavyokunja tambuu na kuibana kwa karafuu. Mwadini hata soksi hajui kukunja. Nikamwonyesha Victorine, jirani Mkongo anayesuka nywele hapa chini. Akaigeuza, akasema, "Dada, hii ni mukono ya mwanamuke. Tena wa kwenu." Eish mama, nikaenda kulia chooni.

Nguo za mtoto nimezipanga kwenye begi la kijani. Basi la kuja huko ni Jumatano ya tarehe 7. Jumapili namfuata, mtoto mgongoni, nimwone huyo mwanamke. Ukisema njoo, napanda.

Mwanao, Chiku


Tanga, 3 Mei 2025

Chiku,

Usipande basi. Usimtukane mtu.

Kukunja huko nilifundishwa na baba yako, alipokuwa akiuza tambuu sokoni. Nilikwambia amekufa. Hakuna aliyeniletea habari ya kifo chake, nilichoka kuulizwa tu.

Ukimkuta mzee, tazama kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Cha baba yako Jumbe kilikatwa na kisu cha kukatia popoo za tambuu. Wanaojifanya jamaa ni wengi. Usimpe mtoto mpaka ukione.

Mama


Mayfair, 5 Mei 2025

Mama shikamoo,

Ujumbe wako ulinifikia kwenye simu Jumamosi ile ile. Ulisahau kunisalimu, nikajua jambo ni zito.

Sikumvizia. Nilimwambia Mwadini, "Leo tunazunguka wote." Akaliona begi la kijani, akakaa kitandani. "Ulikuwa unaondoka?" Nikamwambia, "Jumatano."

Njiani akasema yote. Mzee alimvuta pembeni msikitini hapa Mayfair, alipomsikia akimtaja mkwewe, Biubwa wa Chumbageni. "Akaniapisha nisikwambie. Nami nilimshuku, Chiku. Humu mjini kila aliyekosa chai ana ndugu Tanga. Nimetembea naye Jumapili sita nikimpekua."

Mzee analinda mashamba matatu, ule mzunguko ni kazi yake. Tulimfuata nyuma, majani yakilia chini ya viatu, nikiutazama mgongo wake. Nikasema, "Mzee, nionyeshe mkono wa kushoto."

Akacheka. "Huyo ni Biubwa anayesema." Akaunyoosha. Kidole kimeishia kwenye kiungo cha kwanza.

"Kwa nini hukurudi?"

"Mwaka wa kwanza sikuwa na nauli. Wa tano sikuwa na uso."

Sikumsamehe, sikumtukana pia. Nilimpa Sumaiya ambebe mpaka mtoni tu. Tulipofika tena pale tulipoanzia bado alikuwa naye, amelala begani kwake.

Begi nimelipangua. Safari hii kishona nguo zimejaa kwenye gauni langu, na Mwadini ndiye anayezichomoa.

Mzee amekufungia kitu ndani ya kanga ile ile. Ishaka wa duka la vitambaa anakuja nayo kwa basi la Jumatano. Sijui ndani kuna nini, sikufungua. Mzee anauliza kama nimwite baba.

Mwanao, Chiku


Tanga, 26 Mei 2025

Marahaba mwanangu, na salamu zile za siku nyingine pia,

Nimekaa kimya, niwie radhi. Goti liko vile vile.

Mwite baba. Hiyo ni haki yako, wala haikungoja ruhusa yangu. Mwadini mwambie nilimdhania vibaya, siku akija nitamwambia mwenyewe, nimemkalisha mbele ya sahani.

Kanga imefika, iko juu ya meza wiki ya pili hii. Nimeigeuza kila upande. Pembe ya kushoto bado anaitanguliza ndani, kwa sababu ya kile kidole. Ni nyepesi. Inawezekana ni barua, inawezekana ni majani makavu ya huko. Majirani wanasema, Bi Biubwa, fungua basi.

Mimi alinizoesha kungoja. Kijiti bado sijakichomoa.

Mama yako