Emil Hlavaty, Tulidhani Umenuna

Ni mwaka mmoja sasa tangu jioni ile uliponyamaza ukiwa katikati yetu, Emil, nasi tukakuacha hivyo hivyo, tukidhani umenuna. Tunakuandikia ili ujue yaliyofuata, na ili majirani wa hapa Parma wanaotusengenya mlangoni pa kanisa wayasikie kutoka kwetu wenyewe.

Ulikuwa mtu wa kazi. Nguvu zako ulizimalizia kiwandani, kwenye mashine za kukunja mabati ya magari, na ulipostaafu ukashindwa kukaa kitako. Theluji ikianguka, ulianza kuikwangua mlangoni kwa mjane Wasik kabla ya kwetu. Akitoka kukushukuru alikuta umeshaingia ndani, maana shukrani zilikuwasha mwilini kama sweta la sufu. Mkeo Dolores alikuwa akikuonya kwamba koleo lile la theluji litakuua. Halikuwa koleo.

Mwezi wako ulikuwa Aprili. "Wenzetu wana Januari yao ya makombe, sisi tuna Aprili," ulikuwa ukisema. Timu yetu ya mpira wa Kimarekani kwa kushindwa haina mpinzani, na aliyeshindwa zaidi ndiye hutangulia kuchagua vijana wapya kutoka vyuoni. Basi jioni ya uchaguzi ikifika, ukoo mzima tulishuka chumba cha chini, mbele ya televisheni yako, na soseji za vitunguu, na pierogi za Dolores, vile vitumbua vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, na bia, na ubishi usio na mwisho. Vijana wale ulikuwa umewatazama Jumamosi zote za msimu. Ulikuwa ukisimamisha picha, ukainuka na uma mkononi, ukatuonyesha kwenye kioo. "Msiangalie mikono. Mikono ni mapambo tu. Tazameni anavyokanyaga!"

Sheria ya kununa ulitunga wewe, mwaka ule mdogo wako Chester na mkwe wetu walipokaribia kushikana mashati kwa ajili ya mpiga mateke. Mtu ambaye kijana wake ameachwa ana haki ya kukaa kitini pake, akunje mikono na anune, na asiguswe wala kubembelezwa na mtu mpaka televisheni izimwe. Kumcheka ruksa. Na katika nyumba ile hakuna aliyejua kununa kama wewe. Mwaka ule timu ilipomchukua mkimbiaji mwenye goti bovu, hukufungua mdomo hata tulipokuaga.

Jioni ile ulimtaka Garrett Oostra wa chuo kimoja cha Iowa, jitu lililokulia zizini, ambalo kazi yake ni kusimama mstari wa mbele na kumkinga mrushaji mpira asiangushwe. Mwanao Raymond alimtaka Jaylen Tibbs wa Texas, mrushaji mwenyewe, kijana ambaye mji mzima ulikuwa umeshamnunulia jezi kabla hajaja.

"Mzee, hakuna mtu anayekata tiketi kwenda kuona jokofu limesimama," Raymond alikuambia.

"Na huyo Tibbs wako atarusha akiwa amelala chali? Nyumba haianzwi kwa paa, Ray."

"Baba, sisi tangu nizaliwe tuko kwenye msingi! Tumechoka kuishi kwenye msingi."

"Msingi gani? Mrushaji wetu wa mwaka jana alilazwa chini mpaka akawajua mchwa kwa majina."

Chester alicheka hadi bia ikamtoka puani. "Kaka, sema kweli, unachagua mchezaji au unanunua kabati?"

"Kabati haliumwi bega, Chester."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho tunayoyakumbuka. Kabla yake ulikuwa umelalamika kiungulia, ukailaumu soseji, nasi tukailaumu pamoja nawe.

Zamu ya timu yetu ikafika. Jina likasomwa, likawa la Tibbs. Chumba kililipuka. Raymond aliruka, bakuli la viazi likamwagika, akakugeukia na furaha yake yote. Wewe ulikuwa kitini, mikono umeikunja, kidevu kifuani, macho nusu wazi. Tuliijua sura ile. Tuliipenda hata.

"Umeona, mzee? Paa limefika!" Raymond akakupigia kelele. "Nuna! Nuna mpaka upasuke!"

Binti yako Theresa alitaka kukuletea maji. Chester akamzuia. "Mwache, we! Sheria ni sheria. Ukimgusa sasa hivi atatununia mpaka Krismasi." Naye Theresa akarudi kukaa. Tukaendelea kutazama timu nyingine zikichagua, tukikusema, tukikucheka, tukiigiza unavyovuta pumzi ukikasirika. Oostra alichukuliwa na ile timu ya mji jirani tusiyoitaja nyumbani, na hapo ndipo tulipokucheka zaidi.

Dolores ndiye aliyeshuka na kahawa. Aliiona sahani yako kabla hajakuona wewe, pierogi mbili ziko pale pale, zimeganda siagi. "Emil hajawahi kuninunia chakula," alisema, na kikombe kikamwanguka. Alikuwa ameshajua. Tulikulaza sakafuni, Raymond akakukandamiza kifua mpaka gari la wagonjwa lilipokuja, akikuita baba, baba, na televisheni ikiendelea kusoma majina kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuizima.

Moyo, walituambia hospitalini. Ulikwenda kimya na bila maumivu makubwa, walisema, huenda kabla ya jina kusomwa, huenda baadaye kidogo. Hakuna anayeweza kujua. Theresa ameishika hiyo "kabla". Raymond ameishika "baadaye", na imemla mwaka mzima. Aliacha kuja Jumapili. Mkewe Pam akimuuliza kitu, jibu huja polepole, tena fupi. Mtu aliyekuwa akibishana hata na redio ya gari amekuwa mpole, na upole ule unatutisha kuliko kilio.

Usiulize habari za timu. Hakuna aliyemkinga yule kijana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii guu lilivunjika kweli, mwezi wa Novemba, mbele ya uwanja mzima. Watu barazani walisema, "Emil alisema." Tuliwaomba wasiseme hivyo mbele ya Raymond. Walisema.

Juzi ilikuwa Aprili tena. Tulibishana kama tushuke au tusishuke. Chester alitaka chumba kifungwe. Dolores akasema mume wake hakufa ili watu wale soseji jikoni wamesimama, akawasha taa za chini kwa mkono wake. Raymond alikuja na Pam, akaishia ngazini, hakukanyaga sakafu. Hakuna aliyemtaja kijana yeyote wa chuo. Hebu fikiria, Emil, jioni ya uchaguzi, na sisi Wahlavaty tunazungumzia hali ya hewa.

Timu ilipochagua, ilimchukua mkingaji. Hakuna aliyeshangilia. Tulimgeukia Raymond, tukamkuta amekunja mikono, kidevu chini, kimya kabisa. Dolores aliinuka mbio, akamshika uso kwa viganja vyote viwili kama anamwosha.

"Ray! Sema kitu. Tukana, chochote, lakini sema."

"Niko hai, Mama." Kisha akauliza, na ni wazi swali hilo amelala nalo mwaka mzima. "Alinisikia? Nilivyomwambia apasuke?"

Dolores hajawahi kumdanganya. "Sijui, mwanangu," alisema. "Namuuliza kila asubuhi. Hajanijibu."

Raymond alianza kuinuka aondoke. Hapo Chester, ambaye hajui kufariji mtu, aliyezuia maji yasikufikie na anayelijua hilo, akasema kwa sauti yake mbaya ya bia, "Nakwambia mimi alikusikia. Namjua tangu utotoni, tukilala kitanda kimoja. Alikusikia vizuri sana, na alikuwa ametulia anatafuta la kukurudishia. La kukumaliza, mpumbavu wewe. Muda tu ndio ulimpita."

Raymond akacheka. Kicheko kilimtoka vibaya, kikageuka kilio cha mtu mzima, akashuka ngazi iliyobaki, akaketi sakafuni katikati yetu, na mmoja mmoja tukamshika, begani, kichwani, mgongoni, mpaka hapakubaki pa kushika.

Sheria yako tumeifuta, Emil. Utusamehe.

Unakumbukwa na mkeo Dolores, mwanao Raymond na mkewe Pam, binti yako Theresa na mumewe, mdogo wako Chester, wajukuu zako, na mjane Wasik, ambaye msimu huu alijikwangulia theluji mwenyewe.

Daima tutakukumbuka, na kwa sauti.