Kardani ya Vipande Viwili

Bwiza, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Nauliza nikijua utajibu "halijambo" hata kama unatambaa. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo haijatulia.

Tumekuwa tukibadili lori kuukuu la Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa chumvi, ili magurudumu ya mbele nayo yavute. Barabara ya lami ya kwenda milimani inaviziwa na wenye bunduki, kwa hiyo anataka kupita ya udongo. Kazi ilikwama kwenye kardani, kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ya zamani haikuenea tena baada ya mabadiliko, na Mzee kaleta nyingine, ya kipande kimoja, ndefu. Mimi nikataka ya vipande viwili, katikati imeshikwa na beringi.

"We fundi, weka hiyo moja tumalize," akasema. "Vyuma mingi, matatizo mingi."

Si mjinga, Mama. Ya vipande viwili ina vingi vya kuharibika. Lakini hiyo ndefu ikipata mwendo hutetemeka kama mchi mwembamba, halafu siku moja inakatika bila taarifa. Beringi ikichoka hulia kwanza, na yaweza kulia mpaka ukafika penye watu. Nikamwuliza dereva, Isidori, yeye angechagua ipi.

"Kule mutu hasimamake, hata kukojoa," akanijibu. "Mi nataka yenye kulia."

Basi nikafunga ya vipande viwili, Mzee akinuna mpaka jioni.

Sasa gereji za huku zina desturi: fundi aliyefunga ndiye anayepanda safari ya kwanza, spana mapajani. Mzee kaniita pembeni: "We ni mugeni, bakia tu." Neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo. Naogopa, Mama, sikufichi. Ila Isidori ana watoto wadogo, na amelikubali lori kwa neno langu. Nikibaki, nitakuwa nimemwambia kwamba kazi yangu mwenyewe siiamini. Tunaondoka kesho alfajiri.

Nisalimie shangazi na ulimi wake, mke wa kaka, na jirani yetu muuza dagaa, mwambie huku dagaa wanaitwa ndagala na bado wake ni watamu zaidi.

Barua nampa abiria wa boti ya Kigoma. Utakaposomewa, safari itakuwa imekwisha, vyovyote ilivyokwenda. Niombee hivyo hivyo.

Mwanao,
Shabani